Gauni Lililokataa Kupita Dirishani

Mdogo wangu mpenzi,

Naomba barua hii ikukute ukiendelea na ubishi wako, maana ukinyamaza ndipo nitajua unaumwa.

Cherehani yangu imefufuka. Majirani walizoea kunipitishia nguo za kushona kwenye nondo za dirisha. Niliwaambia sitoki kwa sababu ya miguu. Miguu yangu unaijua, haina neno.

Mwezi uliopita binti wa fundi wa kuchomelea vyuma akaleta gauni lake la harusi nilipunguze kiuno. Tulilisukuma, tukalivuta, likagoma kupita.

"Bibi, si ufungue tu mlango?"

Nikainamia cherehani. Akazunguka mbele, akakuta kufuli kwa nje.

Mwanao alikuwa akinifungia kila akienda kazini, eti nisipotee. Kikombe cha chai asubuhi, basi, mpaka arudi usiku. Tuyaache hayo.

Fundi alikuja kulikata kufuli lile, cheche zikiruka, wanawake wa mtaa wakimshangilia. Kisha wakakaa mlangoni kumsubiri mwanao. Walimwambia nini sijui, ila siku hizi ananiamkia kama anayeamkia mkwe. Mchana majirani wananijia kwa zamu, na sufuria haziji tupu. Kiuno cha gauni nimekipunguza. Cha nguo zangu imebidi nikiongeze.

Ufunguo wa kitasa kipya nauvaa shingoni, nimeufunga kwa utepe uliobaki kwenye gauni lile. Ukija, usiniite dirishani. Piga hodi, unisubiri, nije nikufungulie mwenyewe.

Dada yako,
mwenye mlango wake