Siku Njema Haina Alama

Aberdâr,
9 Mei

Mdogo wangu Nerys,

Mwandishi wa barua hutakiwa aseme kwamba yeye hajambo, hofu ni kwa yule aliye mbali. Safari hii hofu yote iko huku kwangu. Naomba barua ikukute mzima, wewe na Alun na watoto, na goti la Alun liwe limekubali kupanda ngazi. Naomba pia mvua isiwe imeingia tena jikoni kwenu. Enzi zangu za kuezeka paa lile ningelimaliza asubuhi moja, na chai ningekunywa hukohuko juu.

Najua utashangaa kupata barua wakati tunaongea kwa simu kila Jumapili. Kwenye simu nimezoea kukudanganya. Ukiniuliza hali, mdomo unajibu kabla yangu: maumivu, usingizi hakuna, sijatoka. Kalamu inakwenda polepole, inanipa nafasi ya kuona haya, na haya ndiyo niliyo nayo kwa wingi siku hizi.

Nianze na habari njema. Nimepata mtu wa kuzungumza naye, kama ulivyonisihi tangu nilipoanguka kutoka paa la shule, miaka tisa sasa. Kumpata haikuwa kazi ndogo. Daktari aliniweka kwenye orodha, nikangoja mwaka na miezi minne, kisha nikapewa mazungumzo sita ya simu. Nilipoanza tu kumzoea binti aliyekuwa akinipigia, akaniaga. Nikampigia mtaalamu wa kulipwa kule Cardiff. Akaniambia ni pauni sitini kwa saa. Nikamwuliza kama hapo chakula cha mchana kimo. Hakucheka. Mtu anayeishi kwa posho ya ulemavu akitoa sitini kila wiki, atamweleza mtaalamu huzuni yake akiwa na njaa na baridi, na huzuni itakuwa mpya kila mara.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa maktaba. Aliniambia kuna chumba juu ya duka la viatu lililofungwa, ambapo wanaosomea kazi hiyo ya kusikiliza watu huwahudumia wenye shida chini ya macho ya walimu wao, na kila mtu analipa anachoweza. Nikaenda, nikasema kwa aibu kwamba nitaweza pauni tano. Bibi Beynon, mjane anayepokea watu pale na kuwapikia chai, akaandika tano bila kuinua macho. "Wapo wanaotoa mbili na keki, mpenzi," akasema. "Na keki zenyewe, Mungu atusaidie."

Nikapewa msichana aitwaye Lowri, umri wa binti yako mkubwa, mwenye sweta ya njano na daftari asimoandika kitu. Siku ya kwanza nilifika na mfuko wa dawa zangu zote, nikazipanga mezani moja moja. Nilikuwa na barua za hospitali pia, zimepangwa kwa tarehe. Na nilikwenda na mikongojo miwili, Nerys, mmoja kila mkono. Wewe unajua natembea na mmoja, na siku nyingine hata huo nausahau mlangoni.

Inabidi nikueleze tabia hii ilikotoka, maana wewe hujawahi kujaza ile fomu ya posho. Mwaka ule wa kwanza walininyima posho kwa sababu nilijibu kiungwana. Waliniuliza kama naweza kupika, nikasema naweza, taratibu. Kama naweza kutoka, nikasema kuna siku. Bwana mmoja wa ofisi ya ushauri, wanakosaidia watu bure kwa mambo ya fomu, akaisoma yangu, akashika kichwa. "Emlyn, siku njema haina alama," akaniambia. "Hawa wanagawa alama, na alama zisipotimia hakuna posho. Waandikie siku yako mbaya kuliko zote, kisha waambie ndiyo hali." Hakunifundisha uongo. Siku hizo mbaya ninazo, na ni nyingi. Ila fomu ilipokubaliwa nikaanza kuiogopa. Niliona ni lazima niishi kama nilivyoandika. Mbinu hiyo bonde letu zima tunaijua, na zaidi ya hiyo tunajua jicho la jirani. Wyn wa nyumba nambari kumi na moja alipigwa picha akibeba mti wa Krismasi, mtu akaipeleka ofisini, wakamkatia posho. Tangu hapo hata takataka zangu natoa nikichechemea.

Basi nikamsomea Lowri fomu yangu wiki tano mfululizo. Sioshi vyombo, siwezi umati, sinyanyui kitu, silali. Yeye anaitikia kwa kichwa tu. Mara mbili nilimwuliza kama ninayosema yanafika kwa watu wa posho. Alisema hayafiki. Sikumwamini.

Wiki ya sita nilitoka pale nikashuka ngazi, nikavuka barabara, nikafika karibu na duka la mikate, nikasikia sauti ya Bibi Beynon ambayo nadhani hata nyinyi Llanelli mliisikia. "Bwana Pugh! Umesahau mguu wako mmoja huku!" Nikageuka. Amesimama mlangoni, ameinua mkongojo wangu wa pili juu kama mtu aliyeshika samaki. Foleni nzima ya mikate ikanitazama, na mimi nilikuwa nimetembea hatua themanini bila kuukumbuka. Sikurudi kuuchukua. Nilikwenda nyumbani nikafunga mapazia, nikakaa siku tatu nikingoja barua ya kukatiwa.

Haikuja. Wiki iliyofuata nilitaka kuacha kwenda, lakini nilikuwa nimeshalipa tano zao, nikaenda. Mkongojo umeegemezwa kwenye kiti changu. Lowri hakunisuta. Alisema kwa upole kwamba chumba kile hakigawi alama, kisha akaniuliza mara ya mwisho nilikuwa na siku njema lini.

Nilifungua mdomo nikalia, Nerys. Nililia mpaka saa ikaisha, kwa sababu siku njema ya mwisho niliyoikumbuka ilikuwa siku tuliyomzika mama.

Nimesema tuliyomzika. Wewe ndiwe uliyemzika. Sasa nisikilize, na kama utaichana barua hii, isome kwanza.

Nilikwambia kwamba Novemba ile sikuweza kuinuka kitandani. Niliweza. Wiki ile mgongo ulikuwa umelala kama mtoto. Mama aliomba niwe mmoja wa wale sita wa kumbeba, na nilitaka kumbeba kuliko kitu chochote. Nilifanya mazoezi jikoni na gunia la viazi begani, kwenda na kurudi, mpaka jirani wa chini akagonga dari. Shati nilipiga pasi. Tiketi ya treni nilinunua.

Usiku wa kuamkia ile siku Gethin wa shangazi Mair akanipigia kwa wema wake wote. Alisema nisijisumbue kuja, kanisani wamefunga kamera, mazishi yataonekana mtandaoni, na mimi nitaona kila kitu nikiwa kitandani, kuanzia mlangoni mpaka mimbarini. Alidhani ananifariji. Mimi nilichosikia ni kwamba nitaonekana na dunia nzima nikibeba jeneza, na mezani nilikuwa na barua iliyonitaka nijaze fomu upya.

Hata hivyo nilikuja. Hilo ndilo sijamwambia mtu isipokuwa Lowri. Nilipanda treni, nikashuka Llanelli, nikafika mpaka mkabala na kanisa. Miguu ikakataa kuvuka. Nikaingia kwenye lile duka la mashine za kufulia, nikasimama nyuma ya kioo na tai yangu nyeusi, katikati ya watu wanaongoja mashuka yao. Nikaona gari linafika. Nikawaona Gethin na wenzake wanne, na pengo langu. Msimamizi wa mazishi akamwashiria mmoja wa vijana wake aje kulijaza. Wewe ukatikisa kichwa. Ukavua viatu vyako vya kisigino kwenye lami iliyolowa, ukakunja skafu ukaiweka begani, ukaingia wewe.

Jeneza liliinama upande wako, kwa ufupi wako. Gethin alipinda magoti ili likae sawa. Mliingia hivyo, na mimi mwenye bega zima nilikuwa hatua ishirini tu kutoka hapo. Mwanamke mmoja akaniuliza kama mashine ile ninaitumia. Nikasema hapana, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikarudi nyumbani. Jioni ulinipigia kunipa pole. Ulinisimulia kila kitu ila hilo. Uliniambia sita walitimia, ukaniuliza kama nimekula. Nikakwambia sijaweza kusimama siku nzima.

Nilisikia baadaye kwamba kwenye chai ya baada ya mazishi shangazi Mair alisema mtoto asiyemzika mama yake hastahili kuitwa mtoto, na wewe ukamjibu mbele ya watu kwamba mgonjwa hasemwi. Tangu nisikie hivyo kila Jumapili simu ikilia natamani isiwe wewe.

Mimi ni mgonjwa, Nerys, hilo si uongo. Lakini siku ile haikuwa ugonjwa. Ilikuwa woga, nao nikauita mgongo. Fomu ya safari hii nimeijaza siku zote mbili, mbaya na njema. Bwana wa ofisi ya ushauri ameniita mjinga, na pengine watanikatia. Nikikatiwa sitakuomba kitu. Hata hizo tano, Bibi Beynon ameshaniambia nijifunze kuoka.

Msalimie Alun, na watoto wote kwa majina yao. Jumamosi ya tarehe ishirini na nne nitakuja kaburini na treni ya saa nne. Usipotaka kuniona usije, sitauliza kwa nini. Ila nakuomba jambo moja: usinitetee tena kwa shangazi Mair. Mwambie nilikuwepo.

Ni mimi kaka yako,
Emlyn