Kiti Kilichonipiga Kisogoni

Gaborone, Botswana
Alhamisi, asubuhi

Mume wangu mpendwa, Baba Naomi,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa kibarazani, jua bado halijapanda, na mjukuu wako Imani amelala kwenye mkeka miguuni pangu. Kabla ya jambo lolote nataka kujua habari za goti lako. Je, unalikanda kwa maji ya moto kama nilivyokuelekeza, au unasubiri nirudi nilikande mimi? Nataka kujua pia kama mvua bado inanyesha Kinyangiri, kama uwele umeanza kutoa masuke, na kama ndege kwelea wameonekana. Yule beberu mwenye tabia ya kuruka ua asiachwe bila kamba. Jirani yetu amevumilia vya kutosha.

Sisi hapa tu wazima. Naomi amepata nguvu tangu alipojifungua, na amerudi kazini. Imani ameota jino moja la chini. Ana paji la uso kama lako, kwa hiyo akinuna nakukumbuka. Nchi hii ni kavu kama kwetu na ina mawe, watu wake hula ugali wa mtama, na hawaanzi mazungumzo bila kusalimiana. Ningeweza kuizoea, isipokuwa mlenda niliokuja nao umekwisha, na kitanda nilichopewa ni kipana mno kwa mtu mmoja.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Juzi jioni nilikupigia simu ili nikuzuie usiifungue barua yangu ya kwanza. Uliponiambia kwamba imekwisha kusomwa mbele ya wazee, nyumbani kwa kaka yako, nilikaa chini. Ukanieleza kwamba wazee wamekata shauri: Naomi arudishwe nyumbani pamoja na mtoto, na mumewe asionekane Kinyangiri mpaka wazazi wake waje kutoka Itigi na kondoo wa kuosha aibu. Nilipokuambia kwamba hakunipiga, uliniambia nirudie, nami nikarudia. Kisha ukasema, "Mama Naomi, maneno ya simu hayafuti karatasi."

Umesema kweli. Niliandika kwa mkono wangu nikatia sahihi, na sasa nafuta kwa mkono huohuo. Naomba uwaite wazee walewale, mkae palepale, uwasomee kuanzia hapa.

Wazee wangu, shikamooni.

Katika barua ya kwanza niliandika kwamba mkwe wetu, mume wa Naomi, alinipiga kisogoni ndani ya gari. Nilipokuwa nikiandika niliamini kuwa ni kweli. Haikuwa kweli. Nitaeleza ilivyotokea, hatua kwa hatua, ili asiwepo wa kusema kwamba nimebembelezwa.

Gari lao walilinunua likiwa limekwisha kutumika kwa miaka mingi. Tukiwa safarini wote, Naomi ndiye anayeendesha, kwa sababu mumewe hajawahi kukaa ubavuni pangu tangu nilipofika. Mnaijua heshima ya ukweni. Hali nami sahani moja, hanitazami usoni, na nikiingia sebuleni hutafuta kazi ya kufanya nje. Ndani ya gari hakuna nje, kwa hiyo alichagua kiti kilicho nyuma yangu kabisa, ili macho yetu yasikutane. Mimi nilikaa mbele, upande wa kushoto, naye akakaa nyuma ya kisogo changu.

Siku ile tulikuwa tumempeleka Imani kupata chanjo. Naomi alizima gari akaingia kliniki na mtoto, sisi wawili tukabaki tukingoja juani. Gari lilikuwa limesimama. Hakuna chombo kilichotugonga wala kutugusa. Ghafla nilipigwa kisogoni kwa nguvu hata miwani ikaniangukia mapajani na kitambaa cha kichwa kikanishukia machoni. Nilipogeuka, nyuma yangu palikuwa na mtu mmoja tu, naye alikuwa amenyoosha mkono kuelekea kwangu. Sasa najua kwamba alitaka kunishika nisiangukie mbele. Wakati ule niliuona mkono tu.

Nikamwuliza, "Umenipiga?"

Aliinamisha kichwa. Nikashuka garini. Nilipotazama tena nilimwona akiukandamiza ule mto wa juu ya kiti, wa kuegemezea kichwa, kama mtu anayerudisha kitu mahali pake ili isijulikane kwamba kimeguswa.

Naomi aliporudi, mumewe alimweleza kando, naye akaja kuniambia kwamba mto wa kiti ndio uliofyatuka ukanipiga. Nikamjibu, "Kiti hakina mkono." Sikutaka kusikia zaidi. Jioni ileile niliandika barua mliyoisikia, nikampa mama mmoja wa Utemini aliyekuwa akirudi Singida.

Kwa siku kumi na moja sikumsemesha mkwe wetu. Aliponiamkia niliitika nikiwa nimeelekea ukutani. Nilikataa kupanda gari lile. Yeye hakujitetea hata mara moja, na kila siku aliyonyamaza niliihesabu kuwa ushahidi. Nilisema moyoni kwamba asiye na hatia husema. Nililisahau jambo ambalo mimi mwenyewe nimewafundisha wanangu tangu wakiwa wadogo, kwamba mkwe hajibizani na mama mkwe wake, hata akiwa na haki.

Tangu siku ya tatu nilianza kuona jambo nisilolielewa. Mkwe wetu alikuwa akirudi kutoka kazini mchana, jua likiwa kali, ananiamkia, kisha anakwenda moja kwa moja kwenye gari lililosimama uani. Anakaa kwenye kiti changu cha mbele, anaegemeza kichwa kwenye ule mto, anatulia karibu saa nzima huku jasho likimtiririka. Mara nyingine alikuwa akifungua mlango na kuufunga kwa nguvu, kisha anaegemea tena. Mama wa nyumba ya pili alinionyesha kwa mikono, akiuliza kama mtu yule ni mgonjwa. Mimi nilidhani anakimbia kelele za mtoto. Nilipomwuliza Naomi, alinijibu bila kuacha kukunja nepi, "Muulize mwenyewe, mama. Mimi nimechoka kuwabebea maneno."

Juzi, siku ya kumi na moja, nilimbeba Imani nikaenda mpaka dirishani mwa gari. Nikasema, "Baba Imani, unangoja nini humo ndani?"

Alijibu akitazama mbele, "Nangoja kiti, mama."

"Kikufanye nini?"

"Kinipige. Ukikiona kimenipiga, utajua."

Wazee wangu, nimefundisha sayansi darasa la sita kwa miaka mingi. Mtu akiniambia kwamba yuko tayari kuthibitisha jambo, siwezi kumnyima nafasi. Nikafungua mlango wa nyuma nikauacha wazi ili mtoto apate hewa, nikakaa pale alipokuwa amekaa yeye siku ya kliniki, nyuma yake kabisa, Imani akiwa mapajani. Nilitaka kupima mwenyewe jinsi mkono unavyoweza kufika kisogoni kwa mtu wa mbele.

Kichwa chake kilikuwa mbele yangu. Sikuwahi kumtazama kwa karibu, maana siku zote mmoja wetu alikuwa akigeukia upande. Niliona mvi tatu nyuma ya sikio lake, naye bado ni kijana. Imani alinyonya kidole. Nilianza kuona kwamba tunapoteza wakati, na nilikuwa nikikusanya kanga yangu ili nishuke, ndipo niliposikia mlio mkavu kama wa mtego wa panya. Mto wa kiti ulipasuka katikati, nusu ya mbele ikaruka, ikampiga kisogoni, na kofia yake ikaenda kugonga kioo.

Akageuka. Na mimi, kabla hajatamka neno, nikasema, "Si mimi."

Mikono yangu yote miwili ilikuwa imemshika mtoto. Lakini nyuma yake palikuwa na mtu mmoja tu.

Akasema, "Najua, mama."

Hakungoja siku kumi na moja. Hakutazama hata mikono yangu ilikuwa wapi. Wazee wangu, nimeishi miaka sitini na saba, na sijapata kuona aibu kama niliyoiona katika maneno yale mawili.

Jana tulilipeleka gari kwa fundi. Ametueleza kwamba mito ile imewekewa springi kwa makusudi. Gari likigongwa kwa nyuma, mto huruka mbele kukidaka kisogo ili shingo isivunjike. Springi hiyo huzuiwa na kipande kidogo cha plastiki. Katika gari letu kipande hicho kimepasuka kwa uzee na kwa joto, kwa hiyo mto hufyatuka wenyewe gari likiwa limesimama, bila ajali yoyote. Alituambia kwamba sisi si wa kwanza kumletea gari la namna hiyo. Amezitoa springi za viti vyote viwili vya mbele. Kile kipande kilichopasuka nimekifunga ndani ya karatasi hii. Mkipitishe mkono kwa mkono, kila mzee akitazame. Hicho ndicho nilichokiita mkwe wetu.

Kwa hiyo naomba shauri lile lifutwe. Naomi abaki nyumbani kwake. Mtu wa Itigi asidaiwe kondoo, kwa sababu aibu si ya kwao. Katika zizi letu yuko kondoo wangu jike mwenye doa jeupe usoni, niliyepewa na marehemu mama yangu. Naomba mshenga aliyetuunganisha ampeleke kondoo huyo Itigi, awaambie wazazi wa kijana wetu kwamba aliyekosa ni mama mkwe, na kwamba amekiri kwa maandishi.

Tena mshenga anakumbuka, na ninyi mnakumbuka, kwamba siku ya posa nilisema watoto wa reli, waliokulia stesheni kama yeye, hawana shamba wala shina. Nadhani tangu siku ile nilikuwa nikimtafutia kosa. Nilipopigwa kisogoni, kosa lilikuwa limekwisha kuandaliwa, lilikosa siku tu.

Baba Naomi, wazee wameishia hapo. Kunja karatasi. Kilichobaki ni chako peke yako.

Sijalala vizuri tangu juzi, na sababu si kisogo. Unajua jinsi nilivyokuwa darasani. Mtoto akipiga kelele kwamba amefinywa, nilimwadhibu aliyekaa nyuma yake. Sikuuliza. Niliona ni hesabu rahisi, na darasa lilitulia. Sasa nyuso zinanijia. Inayonijia zaidi ni ya yule fundi baiskeli wa pale sokoni. Alikuwa darasa la nne, alikaa dawati la nyuma, na siku moja nilimchapa fimbo nne kwa sababu msichana wa mbele yake alilia. Aliniambia, "Si mimi, mwalimu." Nilimwongeza ya tano kwa kujibu. Mpaka leo nikipita huacha spana chini, anasimama, ananiamkia. Ukienda sokoni, mpe salamu zangu. Usimweleze sababu. Nitamweleza mwenyewe nitakaporudi, na nitamwamkia mimi kwanza.

Nilimwomba mkwe wetu msamaha uani palepale, kwa maneno kamili, bila kuyazunguka. Alinijibu kwamba hana kinyongo, ila aliogopa kwamba ningeondoka kabla kiti hakijamtolea ushahidi. Kisha tukacheka, Baba Naomi. Alikuwa na uvimbe kisogoni kama wangu, tena palepale. Naomi alituwekea barafu katika vitambaa viwili, akatuacha tumekaa kibarazani tumepeana migongo, kila mmoja ameshika kichwa chake. Heshima haikuvunjika, lakini nilikuwa nikiusikia mgongo wake ukitikisika kwa kicheko.

Jana tulipotoka kwa fundi alikaa nyuma yangu tena, kama kawaida yake. Naomi alisimamisha gari dukani akashuka kununua maziwa. Tukabaki wawili juani, gari limezimwa, kama siku ile. Nilihisi kwamba nyuma yangu amebana pumzi. Nikairekebisha miwani yangu, nikaegemeza kichwa kwenye mto, nikafumba macho mpaka Naomi aliporudi.

Nisalimie kaka yako, na umwambie kwamba sikuikasirikia hukumu yake, kwani aliitoa kwa maneno yangu. Nisalimie wifi yangu anayekupikia, na mshenga wetu, ambaye namtwisha safari nyingine katika uzee wake. Nisalimie jirani yetu mwenye ua unaorukwa. Naomi anakuamkia. Mkwe wako anakuamkia pia, na anauliza kama unapenda kofia, maana ile yake imepasuka ukingo na atanunua mbili.

Barua hii anakuja nayo muuguzi mmoja wa Manyoni anayesafiri kesho. Likande goti. Mavuno yakianza nitakuwa nyumbani.

Ni mimi mkeo, niliyekosea na kusahihisha,
Mama Naomi