Kadi Tano za Delbert

Barabara ya Linden,
Zanesville, Ohio.
9 Novemba

Mpendwa wifi Marlys,

Hujambo huko Alaska? Goti la shemeji Vernon linaendeleaje, au bado analisingizia kila theluji inapotaka kuzolewa? Mimi mwili mzima. Roho ndiyo iliyonikalisha chini nikuandikie.

Tanuri la duka lilikufa mwezi uliopita, na sikukuu ya Shukrani hiyo inabisha hodi. Duka la pai likikosa pai wiki ile, ndiyo basi, nafunga kabisa. Nikaomba benki kadi ya mkopo ya biashara, ninunue tanuri nilipe kidogo kidogo. Wakaninyima. Eti nimefungua kadi tano ndani ya miaka miwili, na kwao ukifika tano hupewi nyingine.

Mimi! Unajua sijawahi kuomba hata moja. Ni kaka yako, Mungu amrehemu, na wazimu wake wa kufungua kadi apate pointi za kulipia tiketi za ndege. Kila kadi aliyofungua aliiagizia kadi pacha yenye jina langu, akaniletea jikoni kama ua. "Shika, mke wangu. Hii ndiyo itakayotufikisha kwa Marlys." Sasa kadi pacha zote hizo zimehesabiwa kwangu.

Kuna jambo sijakwambia. Tangu tumzike, kila nikisukuma unga alfajiri nasikia mluzi wake stoo, ule wa kupanda na kushuka. Usinicheke. Mwanzoni niliogopa hata nikawa naacha taa inawaka mchana kutwa. Baadaye nikauzoea, nikawa namjibu, "Basi lete siagi, kama huna kazi!"

Nikawapigia benki simu, nikakata rufaa. Akapokea binti mmoja mpole.

"Mama, kadi za mumeo tunaweza tusizihesabu," akasema. "Ila simu inarekodiwa. Lazima useme mwenyewe kwamba si zako, na huna lako humo."

"Ameshafariki, mwanangu."

"Pole sana, mama. Bado lazima useme. Nitakutajia moja moja."

Akazitaja. Kwa kila moja nikasema si yangu, ni ya Delbert, sina langu humo. Muda wote huo mluzi ulikuwa unaendelea stoo. Nilipoikana ya tano ukakatika katikati, kama mtu aliyeitwa nje.

"Hongera, mama! Umekubaliwa!"

Tanuri jipya limeshafika, linaoka vizuri, na oda zimejaa. Duka limepona. Lakini stoo iko kimya, wifi, na kimya hicho kinanitisha kuliko mluzi. Nimeingia humo nikamwambia nilikuwa nasema na benki, sikuwa nasema naye. Hajibu.

Msalimie Vernon, na mwanao Kendra, mwambie mke wa mjomba wake hajamsahau. Mungu awatie joto kwenye barafu hiyo.

Nina ombi moja kabla sijafunga bahasha. Mluzi ule, wewe na Delbert mlifundishwa wote wawili na baba yenu, na hakuna awezaye kuwatofautisha. Ukija Krismasi, usibonyeze kengele. Pitia mlango wa nyuma, simama stoo, uupige mluzi huo. Nitajua ni wewe. Ila usijitokeze upesi.

Wifi yako, akupendaye kama zamani,
Glenda