Padrino wa Viatu vya Yaretzi

Chayo, uko wapi? Nimejifungia chooni hapa shuleni kwa binti yangu Yaretzi.

Leo polisi wamekuja kutuonya, wazazi na watoto, kuhusu mitandao. Afande mmoja wa kike akaonyesha ukutani picha ya mwanamume anayewarubuni mabinti. Shoga, ni Eliseo! ELISEO!

Yule niliyempata nilipotangaza mtandaoni natafuta mapadrino, wale wafadhili wa sherehe ya mwanangu ya miaka kumi na mitano. Wewe ukachukua gauni, dada yangu keki, yeye viatu. Eti ni binamu yetu wa kutoka mji wa Monterrey! Nami nikashukuru Mungu.

Afande akauliza, "Kuna anayemjua huyu?" Nikainama. Nikaomba ardhi inimeze.

Yaretzi akasimama mbele ya shule nzima. "Mimi. Ni padrino wangu wa viatu."

Afande akamuuliza, "Namba yako aliipataje, mwanangu?"

"Mama alimpa. Akataka picha za miguu yangu, nikakataa. Mama akanigombeza, akasema nitume, nisiwe mtoto asiye na shukrani."

Chayo, Yaretzi huyo anagonga mlango sasa hivi. "Mama, fungua." Nimfungulie kwa uso gani?