Pamba Yangu na Maji ya Kabula

Mjukuu wangu Minza, mwangaluka. Huku Nkololo mvua imechelewa, ila ng'ombe bado wanashiba, na babu yako anakusalimu sana.

Umesema huko chuoni mnatengeneza jeli ambayo mkiijaza kwenye jeraha, damu inaganda na kidonda hakiozi. Ukaniuliza sisi tulifanyaje.

Babu yako alipokatwa mguuni na plau, nilichuma pamba palepale shambani, nikaichanganya na majivu, nikaishindilia. Damu ikakata. Kila mtu akanisifu. Ndipo mke mwenzangu Kabula akaja na maji ya chumvi aliyoyachemsha, akasema, "Dada, tufungue tuoshe." Nikamfukuza. Nilijua akiosha tu, watu watasema yeye ndiye aliyemponya.

Siku ya tano mguu ukaanza kunuka. Kabula akaufungua bila kuniuliza, akawa anauosha kila asubuhi mpaka ukapona. Lakini babu yako anachechemea hadi leo, na kila nikisikia fimbo yake uani, nakumbuka yale maji niliyoyakataa.

Jana nilimsomea Kabula barua yako, nikitaka ajue kwamba umeniandikia mimi. Akasema, "Kumbe hiyo jeli ni mimi na wewe, kama tungesikilizana."

Sikulala vizuri, Minza. Maneno hayo nilitaka kukuandikia mimi, na yeye ndiye aliyetangulia kuyasema.

Bibi yako mkubwa,
Ng'wasi