Utepe wa Shingoni

Accra, 3 Februari

Mpwa wangu Abrafi,

Pokea salamu za mtu ambaye jiji hili halifungui milango asubuhi mpaka asikike amekohoa. Mimi mzima, ila goti, na hilo ni kwa kusimama sana na wakubwa. Wewe je? Mshono wa shingoni, walipokutoa tezi, unaendeleaje? Mama yako bado anakoroma?

Nimesikia wazee wa ukoo wamekutaja kwa kigoda cha enzi cha mama mkuu wa mji, na watakuja kukukagua baada ya Pasaka. Mila unaijua: anayekalia kigoda mwili wake hauna doa, na vazi letu linaacha shingo na mabega wazi. Usiogope. Nimempa dereva Boadu akuletee tepe za mpira laini, za kufuta makovu. Daktari bingwa mmoja, ambaye hali chakula bila kuniuliza, amezisifu. Bandika juu ya mshono usiku na mchana, USIBANDUE mpaka wazee waje. Karatasi ya maelekezo nimebaki nayo, ni mambo ya kitaalamu. Nimeisoma mwenyewe.

Mjomba wako,
Dwomoh

Asuoboa, 27 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mama anakoroma na anakana.

Tepe nilibandika siku ileile, ingawa mshono ulikuwa bado unatoa majimaji upande wa kushoto. Sasa inawasha, mjomba, mpaka kanisani najikuna kwa mpini wa kipepeo cha kujipepea. Na inanuka. Serwaa, yule binti wa mama mdogo, kaniuliza mbele ya watu, "Dada, hivi leo mmepika samaki wa moshi, au ni wewe?" Mama anataka niitoe, ninawe. Karatasi haisemi lolote kuhusu kunawa?

Mpwa wako,
Abrafi

Accra, 6 Machi

Abrafi,

Salamu kwa wote. Kuwasha ndiyo dawa inafanya kazi! Mimi chatu alinimeza hadi kiunoni kule mto Afram, nikawashwa siku tisa, sikujikuna hata mara moja. Daktari nimemuuliza tena. Kapiga saluti kwanza, kisha akasema: avumilie. Huyo Serwaa anakitaka kigoda, ndiyo maana pua yake imekuwa ndefu. Mwambie mama yako asiguse.

Mjomba wako,
Dwomoh

Asuoboa, 2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Wazee walikuja Jumamosi. Mama alibandua tepe mbele yao, ikatoka na ngozi. Chini kulikuwa na usaha, na kovu limevimba, linang'aa, nene kama kidole, limekatiza shingo yote. Mzee Asamoah aligeuza uso. Hakunitukana. Alisema tu, "Binti, jifunike."

Serwaa anakalishwa kigodani Jumapili.

Nimekwenda zahanati. Muuguzi anasema tepe hizi hubandikwa kidonda kikishafunga kabisa, na kila siku unaitoa, unanawa, unairudisha. Anasema kovu la namna hii mtu akilikata linarudi kubwa zaidi. Basi ndiyo limekuwa langu.

Mjomba, sina hasira. Nijibu kitu kimoja tu. Ile karatasi ilisema nini?

Mpwa wako,
Abrafi

Accra, 20 Juni

Mpwa wangu,

Salamu. Barua hii nimeiandika mara nne. Ya kwanza nilimlaumu dereva Boadu, ya pili kiwanda, ya tatu Serwaa na uchawi wake. Zote nimezichana.

Siku ile dukani, binti muuzaji aliniuliza kwa adabu, "Baba, nikusomee?" Nyuma yangu walisimama watu wawili, mmoja ananifahamu. Nikacheka. Nikamwambia, "Mimi nimeanza kusoma Kiingereza wewe hujazaliwa." Nikaikunjua karatasi, nikaitazama kwa muda wa kutosha ili waone kwamba nasoma. Kulikuwa na picha ya jua na picha ya mwezi. Nikaelewa usiku na mchana. Kulikuwa pia na picha ya mkono chini ya bomba la maji. Nilidhani wanakataza maji.

Kiingereza sijui kukisoma, Abrafi. Sijawahi kujua.

Mjomba wako,
Dwomoh