Majina ya Watoto wa Nyarero

Mjukuu wangu Bhoke,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Turwa sote tu wazima, na bibi yako anapalilia mahindi. Umeuliza kama ni salama kupakua programu ya zamani isiyotengenezwa tena.

Nikiwa karani kijana wa zahanati Nyarero, majina ya watoto waliozaliwa yalitunzwa kwenye programu ya namna hiyo. Kompyuta ikaharibika, na daftari zilikuwa zimeliwa na mchwa; kumbukumbu zilibaki kwenye disketi tu, nazo hazikufunguka bila programu ile. Nikaleta nakala ya programu kutoka kwa mtu wa Sirari. Mkuu wangu, Mama Robi, akaikataa.

"Hujui imepita wapi," alisema.

Aliwaandikia walioitengeneza, wakatuma disketi halisi ya programu. Alinakili kwanza kumbukumbu zetu, kisha akaiwasha programu kwenye kompyuta isiyounganishwa na nyingine.

Majina yakaanza kupanda kwenye kioo, mamia kwa mamia. Nikaliona la mama yako, na uzito aliozaliwa nao. Nilivua kofia bila kujua kwa nini. Mama Robi alikuwa akiyasoma polepole kwa sauti, kama anawaita watoto nyumbani.

Fanya kama alivyofanya Mama Robi, mjukuu wangu.

Babu yako,
Marwa